Gesi Isiyoshikana na Kitu

Karakana yangu iko karibu na njia panda ya Mwatate, pale magari ya Wundanyi yanapoachana na yale ya Bura na Taveta. Geti na fremu za madirisha nazichomelea kwa rodi za kawaida. Lakini akija mtu na tangi la maziwa la stenlesi, au mpishi wa shule na sufuria ya alumini inayovuja, hapo nafungua mtungi wa agoni.

Chuma kikiyeyuka hunyakua oksijeni na naitrojeni za hewani. Mshono ukipoa, unaukuta mweusi, una vitundu, na nyundo moja tu inauachanisha. Agoni hutokea mdomoni mwa tochi, ikafunika panapoyeyuka na kuizuia hewa. Ikifunika vizuri, stenlesi hutoka na rangi ya dhahabu. Upepo ukivuma, nakinga kwa bati. Moto wa tochi hung'oa elektroni za baadhi ya atomu za agoni, lakini zikipoa hurudi kuwa agoni ileile. Hazikuungana na chuma.

Sababu ni mpangilio wa elektroni zake 18: ganda la ndani 2, la pili 8, la nje 8. Klorini, jirani yake, ina 17, hivyo hupora moja. Potasiamu, jirani wa upande wa pili, ina 19, na ile moja ya nje imeshikwa kwa ulegevu, haikawii kutolewa. Agoni ni kama matatu ya Voi iliyokwisha kujaa: makanga haiti abiria, wala hakuna anayeshuka. Protoni 18 za kiini zimezikaza elektroni zake za nje, na kuzing'oa ni kazi kubwa. Elektroni ngeni nayo ingelazimika kukaa ganda la nne, mbali, ambako zile za ndani zinaukinga mvuto wa kiini. Haishikiki.

Kwa ukimya huo, gesi hii ambayo ni karibu asilimia 1 ya hewa haikutambuliwa hadi 1894, wanasayansi Rayleigh na Ramsay wa Uingereza walipofuatilia kwa nini naitrojeni ya hewani ni nzito kidogo kuliko ile ya maabara. Ndugu zake heliamu na neoni wana tabia hiyohiyo. Lakini ndugu mwingine, zenoni, ni kubwa, elektroni zake za nje ziko mbali na kiini, hivyo hung'oka kwa urahisi zaidi. Mwaka 1962 Neil Bartlett, akiwa Kanada, aliiunganisha na platinamu na florini.

Agoni nyingi ya hewani ilizaliwa na potasiamu ya mnururisho iliyomo miambani. Lava ikiwa bado uji, agoni hutoroka kwa kuwa haijafungwa na chochote. Ikiganda, agoni mpya huanza kujikusanya. Kwa kuipima hiyo katika majivu ya volkano, mwaka 1961 wataalamu walikadiria fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu aliyepatikana Olduvai, Tanzania, kuwa na miaka kama milioni 1.75.

Vijana ninaowafundisha kazi huambiwa jambo moja kabla ya kushika tochi. Agoni ni nzito kuliko hewa. Ikijaa ndani ya tangi huisukuma oksijeni nje. Haina harufu, haiwashi macho, haikohozi, kwa kuwa haishikani na kitu hata mwilini. Mtu huzimia kabla hajashtuka. Kwa hiyo tangi liachwe wazi, feni ipulize, na mwenzako asimame nje akikuangalia.