Safari ya Nchi Kavu

Mtoto mmoja wa Bukavu, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa akitazama picha katika kitabu cha jiografia. Picha ilionyesha mchanga mtupu, ngamia watatu, na mtu aliyejifunga kitambaa kichwani. Akamwuliza baba yake, "Baba, jangwa liko mbali? Huwezi kunipeleka nikalione?"

Baba hakucheka, wala hakumwambia anyamaze. Alitwaa daftari na kalamu, akaketi karibu naye, akasema, "Mwanangu, jangwa la kweli liko mbali sana. Lakini nchi kavu iko karibu nasi, njiani kwenda Uvira kwa bibi yako. Tukitaka kuiona, kwanza tusafiri kwa akili, ndipo tusafiri kwa gari." Jioni ile wakaanza kuandika. Mambo waliyoyaandika yanamfaa kila mtu anayetaka kusafiri na mtoto katika nchi ya jua kali.

1. Jangwa ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba jangwa ni mchanga. Sivyo. Jangwa ni nchi inayopata mvua kidogo mno, chini ya milimita 250 kwa mwaka mzima. Jangwa laweza kuwa la mchanga, la mawe, au la chumvi. Kubwa kuliko yote ya nchi za joto ni Sahara, kaskazini ya Afrika. Katika Afrika ya Mashariki liko jangwa la Chalbi, kaskazini ya Kenya, upande wa mashariki wa ziwa Turkana. Zamani sana Chalbi lilikuwa ziwa. Maji yake yalikauka, yakaacha udongo mweupe wenye chumvi. Wagabra hupita huko na ngamia wao, wakifuata visima na chemchemi.

Bukavu hupata mvua kupita milimita 1,250 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara tano ya kipimo kile. Ndiyo sababu migomba na maharagwe husitawi katika vilima vyake. Lakini mtu akishuka kusini, kuelekea Kamanyola, Luvungi, Sange na Uvira, huona nchi inabadilika. Hiyo ni tambarare ya Ruzizi. Si jangwa, maana watu hulima huko mpunga, mihogo, mahindi na miwa. Lakini mvua yake ni chache kuliko ile ya milimani, na jua lake ni kali. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa Juni hata Agosti, majani huwa ya manjano, na vumbi huruka nyuma ya kila gari. Hapo husimama migunga yenye miiba, na miti mingine isiyo na majani, yenye matawi manene yaliyoinuka kama kinara cha mishumaa. Miti hiyo ina utomvu mweupe kama maziwa. Mtoto asiuguse, maana ukiingia machoni huchoma sana.

2. Kwa nini tambarare ni kavu?

Tambarare ya Ruzizi imo ndani ya Bonde la Ufa. Magharibi yake iko milima ya Kongo, na mashariki yake iko milima ya Burundi. Ni kama sakafu katikati ya kuta mbili ndefu. Upepo wenye unyevu ukifika kwenye milima hupanda juu. Ukipanda, hupoa, ukipoa, unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Basi milima hunywa maji kwanza. Upepo ukishuka upande wa pili, umekwisha kumwaga sehemu kubwa ya maji yake, tena unapata joto. Ndipo tambarare hupata yaliyosalia.

Hata joto laweza kuhesabiwa. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko chini ya mita 800. Mtu ashukaye kutoka Bukavu mpaka Uvira hushuka kama mita 700. Kwa kila mita 100 za kushuka, joto huongezeka zaidi kidogo ya nusu ya digrii. Kwa hiyo Bukavu ikiwa na digrii 22, Uvira huwa na digrii 26 hivi. Hesabu hii yaonekana ndogo katika daftari, lakini mtoto aliyezoea baridi ya ziwa Kivu huisikia mwilini.

3. Njia

Kutoka Bukavu mpaka Uvira ni kama kilomita 130. Njia ya Kongo hupita Nyangezi, kisha hushuka katika mteremko wa Ngomo mpaka Kamanyola. Njia ya Ngomo ni nyembamba. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni shimo refu. Wakati wa mvua udongo huteleza, na kamio moja iliyokwama huzuia magari yote. Lakini njia hii ndiyo yenye uzuri. Mahali fulani mlima hufunguka, na msafiri huona tambarare yote chini yake, na mto Ruzizi ukijipindapinda kama nyoka anayekwenda kunywa maji ziwani.

Mto huo una habari ya ajabu. Zamani, maji ya ziwa Kivu yalikwenda kaskazini, kuelekea mto Nili. Volkeno za Virunga zikainuka, zikaziba njia kama mtu anayefunga mlango. Maji yakajaa, yakatafuta mlango mwingine, yakaupata kusini, hapo penye mji wa Bukavu. Ndiyo mwanzo wa Ruzizi.

Njia nyingine huvuka mpaka, hupita Rwanda na Bugarama, kisha hurudi Kongo penye Kamanyola. Anayeichagua hutaka hati za mpakani, za mtu mzima na za mtoto pia, na lazima ajue saa za kufunga mpaka.

4. Maji

"Tubebe maji kiasi gani?" mtoto aliuliza. Baba akamwambia afanye hesabu mwenyewe. Wasafiri ni watatu: baba, shoferi na mtoto. Katika jua kali mtu mzima awekewe lita 4 kwa siku, na mtoto lita 3. Jumla ni lita 11. Lakini gari laweza kuharibika, na siku moja ikawa mbili. Basi lita 11 mara mbili ni lita 22. Gari nalo hunywa. Liwekewe lita 10 za rejeta. Jumla ni lita 32. Bidoni mbili za lita 20 zatosha, na kidogo husalia. Akiba haiozi.

Maji ya kunywa yachemshwe, yapozwe, yatiwe katika bidoni safi yenye kifuniko. Asitegemee mtu kuchota njiani. Kipindupindu kimeonekana mara nyingi katika Uvira na tambarare yake, nacho huletwa na maji machafu. Tena mtoto asiende kuoga katika Ruzizi. Humo mna viboko na mamba. Mamba mmoja mkubwa mno, aliyeitwa Gustave, alijulikana dunia nzima kwa kula watu katika Ruzizi na kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Burundi.

5. Gari

Gari likaguliwe siku moja kabla ya safari, si asubuhi ya kuondoka. Shoferi atazame breki, magurudumu, gurudumu la akiba, jeki, mafuta na maji ya rejeta.

Katika mteremko mrefu, shoferi mwenye akili hatumii breki peke yake. Breki inayokanyagwa muda mrefu hupata moto, na ikipata moto mno haishiki tena. Yeye huingiza gia ndogo, na mashine yenyewe huzuia gari. Mwenda pole hajikwai. Tena rejeta ikichemka, asifungue kifuniko papo hapo, maana mvuke utamrukia usoni. Asimamishe gari, angoje lipoe, ndipo atie maji kidogo kidogo.

6. Mtoto mwenyewe

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Mwili wake mdogo hupata joto upesi kuliko wa baba yake. Tena, akiwa anacheza au anatazama vitu vya ajabu, husahau kiu. Kwa hiyo asingojewe mpaka aombe maji. Apewe kidogo kidogo, kila nusu saa. Avae kofia pana na nguo nyepesi inayofunika mabega.

Mwenye kumwangalia ajue dalili za hatari: midomo mikavu, mkojo mchache wenye rangi nzito, kichwa kuuma, kizunguzungu, na usingizi usio wa kawaida. Akiziona, asiendelee na safari. Amtie mtoto kivulini, amlegezee nguo, amfute kwa kitambaa chenye maji, ampepee, ampe kunywa polepole. Dawa ya kurudisha maji mwilini yatengenezwa hivi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visijazwe kichungu. Chumvi ikizidi, dawa hugeuka madhara. Na mtoto akizidi kulegea, au akipoteza fahamu, asinyweshwe kitu. Apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia.

Jambo moja lisisahauliwe kamwe. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa dakika chache, hata kama amelala. Gari lililofungwa hugeuka tanuru, na mtoto aweza kufa humo.

Mwisho, neti. Tambarare ina malaria nyingi kuliko vilima vya Bukavu, na mtoto wa milimani hakuizoea. Alale chini ya neti usiku wa kwanza, si baada ya kuumwa.

7. Siku ya kuondoka

Waliandika pia saa. Kuondoka jua linapochomoza. Kushuka Ngomo wakati wa baridi ya asubuhi. Kupita tambarare kabla ya adhuhuri. Jua likiwa kichwani kabla hawajafika, wapumzike kivulini, wale mihogo na ndagala, wangoje joto lipungue. Wasisafiri usiku.

Mtoto akasoma daftari tangu mwanzo hata mwisho, akafurahi. "Sasa yote ni tayari," akasema. "Tutakwenda Jumamosi?"

Baba akachukua kalamu, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza, mahali palipobaki wazi: Je, njia ina amani?

Mtoto akanyamaza, maana alijua. Mwezi wa Februari 2025 vita viliingia Bukavu. Mwaka huo huo mapigano yalifika Kamanyola, Luvungi, Sange na Uvira. Watu wengi waliikimbia tambarare ile wakiwa na watoto migongoni. Wengine walivuka Ruzizi kwenda Burundi. Hao walipita katika jua lile lile na vumbi lile lile, lakini hakuna aliyewahi kupima maji yao kwa lita.

"Hili ndilo swali la kwanza," baba akasema, "nami nimeliandika mwisho ili usilisahau. Mwenye safari anaweza kununua maji, na kofia, na gurudumu. Amani ya njia hainunuliwi. Nitawauliza mashoferi wanaotoka huko, si mmoja tu, bali wengi. Wakisema mamoja kwamba njia ni njema, tutakwenda. Wakitofautiana, tutangoja. Nchi kavu haitaondoka, na bibi yako angependa akuone mzima mwezi ujao kuliko akulilie kesho."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi baba hupita penye magari na kuuliza. Mtoto humngoja mlangoni. Akiona baba anatikisa kichwa, hurudi ndani bila kulalamika. Lakini bidoni mbili ziko pembeni, zimeoshwa, na daftari liko juu yake.

Maswali

1. Jangwa ni nchi ya namna gani?
2. Eleza kwa nini milima hupata mvua nyingi kuliko tambarare ya Ruzizi.
3. Wasafiri ni watu wazima watatu na watoto wawili. Watahitaji lita ngapi za kunywa kwa siku mbili?
4. Kwa nini shoferi huingiza gia ndogo katika mteremko wa Ngomo?
5. Taja dalili tatu za mtoto aliyezidiwa na joto, na mambo ya kumfanyia.
6. Swali gani baba aliliandika juu ya ukurasa wa kwanza? Kwa nini?