Ndege za Nani? Hesabu za ATCL Zikisomwa Kutoka Makole

Mkazi wa Makole, Dodoma, anayetakiwa kuwa Dar es Salaam kabla ya mchana ana namna kadhaa za kufika. Anaweza kudamka na basi. Anaweza kwenda stesheni akapanda treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwishoni mwa Julai 2024 kwa tiketi ya kawaida ya Sh 31,000. Au anaweza kwenda uwanja wa ndege, ambao hauko mbali na mtaani kwake, akakata anga kwa muda wa saa moja hivi. Basi ni la mfanyabiashara. Treni ni ya serikali, na ndege, ikiwa ni ya ATCL, yaani Air Tanzania, ni ya serikali vilevile. Na kwa kuwa Dodoma ni mji wa watumishi wa umma, mara nyingi hata pesa ya tiketi hiyo imetoka serikalini.

Mjadala wa hasara za ATCL ungeanzia hapo ungefika mbali. Badala yake, kila Aprili unaanzia kwenye tarakimu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, ripoti ikaingia bungeni, na kesho yake magazeti yakabeba namba. Hasara ya mwaka 2021/22 ilikuwa Sh bilioni 35.2. Mwaka uliofuata ikawa Sh bilioni 56.6. Mwaka 2023/24 ikapanda hadi Sh bilioni 91.8, hapo serikali ikiwa imeshatoa ruzuku ya karibu Sh bilioni 100. Wenye hasira wanadai shirika lifungwe, wenye uzalendo wanajibu kwamba ndege huleta watalii, kisha bajeti inaingia na kila mtu anasahau hadi Aprili nyingine.

Tarakimu hizo ni za kweli, lakini hazisemi nani aliamua nini. Katika biashara ya ndege swali hilo ni zito kuliko kwingine, kwa sababu faida yenyewe ni nyembamba mno. Chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kilikadiria katikati ya 2025 kwamba mashirika yangebakiwa na wastani wa dola 7.20 kwa kila abiria. Kwa Afrika makadirio yalikuwa dola 1.30. Ukibakiwa na pesa ya chupa mbili za soda kwa abiria mmoja, uamuzi mmoja mbaya wa kuchagua ndege unaweza kumeza jasho la miaka mitano.

ATCL imeshapitia mifumo karibu yote ya umiliki inayofundishwa vyuoni. Ilizaliwa Machi 1977, wiki chache baada ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki kusambaratika, ikiwa shirika la umma kamili. Desemba 2002 serikali iliuza asilimia 49 ya hisa kwa South African Airways kwa dola milioni 20. Wakati ule ulionekana mpango wa wajanja: mbia mkubwa mwenye ndege, mifumo na jina, na Dar es Salaam ingekuwa kitovu chake cha mashariki mwa bara. Kasoro ni kwamba mkakati huo ulikuwa wa Johannesburg. Mbia alipanga safari kwa kuangalia mtandao wake, serikali ikabaki mwenye hisa nyingi asiye na usukani, hasara zikaongezeka. Mwaka 2006 ndoa ilivunjika, na Tanzania ikazinunua hisa zilezile kwa dola milioni 1.

Mwaka 2007 shirika lililobaki bila ndege za kutosha likakodi Airbus A320 kutoka Wallis Trading. Ndege hiyo ilikaa muda mrefu kwenye matengenezo huku kodi ikiendelea kuhesabiwa, na deni lake likaiandama serikali kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikalinyang'anya shirika cheti cha kurusha ndege, kikarudishwa mwezi uliofuata.

Kisha ukaja mwaka 2016. Ndege mbili mpya aina ya Bombardier Q400, zenye viti 76 kila moja, zilitua Dar es Salaam Septemba mwaka ule zikipokewa kwa shangwe. Tarehe za mwezi huo zina maana kuliko shangwe zenyewe. Rais John Magufuli alimteua mwenyekiti mpya wa bodi, Emmanuel Korosso, pamoja na mkurugenzi mtendaji mkuu, Ladislaus Matindi, mwezi uleule ndege zilipowasili. Yaani aina ya ndege, idadi yake na bei yake vilikwisha kuamuliwa kabla watu wa kuziendesha hawajakaa kwenye viti vyao. Kwa kawaida bodi ndiyo huuliza tunataka kuruka wapi, abiria ni wangapi, nauli itakuwa kiasi gani, halafu ndiyo huuliza tununue nini. Hapa mambo yalianzia mwisho.

Q400 zilikuwa chaguo zuri, kwa haki. Zinamudu viwanja vya mikoani na hazili mafuta mengi. Lakini utaratibu uliozileta ndio ulioleta Boeing 787 Julai 2018, Airbus A220 Desemba mwaka huo, na baadaye ndege ya mizigo ya Boeing 767 na zile 737 MAX 9. Shirika dogo likajikuta lina aina tano za ndege. Kila aina inataka marubani wake, mafundi wake na vipuri vyake.

Tena ndege hizo si za ATCL. Zilinunuliwa kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, ambao uko chini ya Ikulu, kisha ATCL ikakodishwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya busara: ATCL ilirithi madeni ya zamani, hivyo ndege zikiandikwa kwa jina lake wadai wangeweza kuzikamata.

Kilichotokea ni kinyume chake. Agosti 2019 A220 ilizuiwa Johannesburg kwa ombi la mkulima aliyekuwa akiidai Serikali ya Tanzania fidia ya mashamba, ikaachiwa na mahakama mapema Septemba. Novemba mwaka huohuo Q400 iliyokuwa inasubiriwa ikazuiwa Kanada. Desemba 2022 A220 nyingine ikashikwa Uholanzi, safari hii na wawekezaji wa Sweden wa mradi wa sukari wa Bagamoyo, walioshinda tuzo ya dola milioni 165 dhidi ya Tanzania. Hakuna hata mmoja kati ya wadai hao aliyekuwa na ugomvi na ATCL. Waliidai serikali, na ndege zilikuwa mali ya serikali. Zingekuwa za kampuni yenye nafsi yake kisheria, wangekuwa na mlima mrefu zaidi wa kupanda mbele ya jaji. Kinga iliyojengwa dhidi ya wadai wa shirika ikawa mlango kwa wadai wa nchi.

Upande wa mapato mpangilio huo unauma vilevile. ATCL inadaiwa kodi ya ndege hata zikiwa chini, kama kijana wa bodaboda anayedaiwa hesabu siku pikipiki iko gereji. CAG aliligusa jambo hili katika ripoti iliyotoka 2021, iliyoonyesha hasara ya Sh bilioni 60 kwa mwaka, akashauri mikataba ya ukodishaji ipitiwe upya. Mwaka 2022 injini za Pratt & Whitney zinazosukuma A220 zikaanza kuleta matatizo, ndege zikalala hangani. Tatizo hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Swiss na airBaltic nao walisimamisha ndege zao. Ila tazama EgyptAir walivyofanya. Nalo ni shirika la serikali, nalo lilikuwa na A220, kumi na mbili. Mwaka 2024 likaziuza zote kwa kampuni moja ya ukodishaji likageukia ndege nyingine. Uamuzi huo unaweza kuwa mzuri au mbaya, lakini ulikuwa mikononi mwao. Menejimenti ya ATCL haikuweza hata kuujadili kwa dhati, kwa kuwa mpangaji hauzi nyumba.

Hapa wapo wanaosema dawa ni kubinafsisha. Kenya Airways inawajibu. KLM iliingia mwaka 1996, hisa zikauzwa sokoni Nairobi, bodi ikawa na watu wazito, na bado mradi wake wa upanuzi uitwao Mawingu ulisaidia kuipeleka kwenye hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7 katika mwaka ulioishia Machi 2015. Kampuni inayouza hisa hadharani inaweza kuamua vibaya kwa kura zote za ndiyo. Faida yake ni kwamba haiwezi kuficha kwa muda mrefu: hasara ya shilingi za Kenya bilioni 12.2 ya nusu ya kwanza ya 2025 ilitangazwa Agosti ileile. Hesabu za ATCL za mwaka ulioishia Juni 2024 wananchi walizisikia Aprili 2025, miezi tisa na zaidi baadaye.

Na wanaosema serikali haiwezi kumiliki shirika la ndege, wanajibiwa na Addis Ababa. Ethiopian Airlines ni ya serikali kwa asilimia 100, na tangu 2023 mwenyekiti wa bodi yake ni mkuu wa jeshi la anga, kwa hiyo hakuna wa kudai kwamba siasa imekaa mbali. Tofauti iko kwenye vitabu. Shirika hukopa kwa jina lake, hununua ndege kwa mpango wake, na mpango wenyewe, uliotangazwa 2010 kwa jina la Dira ya 2025, uliandikwa na watu waliokuja kuutekeleza.

Kwa Tanzania, Dodoma ndiko kofia zote za umiliki na usimamizi zinakovaliwa. Msajili wa Hazina anashika hisa za ATCL na pia anasimamia Shirika la Reli, mshindani wake kwenye njia ya Dar es Salaam. Wizara ileile ya Uchukuzi ina ndege, reli, viwanja na mamlaka inayotoa vyeti vya usalama. Udhaifu wa kofia hiyo ya mwisho ulionekana pale Umoja wa Ulaya ulipoipiga marufuku Air Tanzania Desemba 2024, kisha Juni 2025 ukapanua marufuku kwa mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Mashirika binafsi yakaingia kwenye orodha moja na la umma, kwa sababu shaka ilikuwa juu ya msimamizi.

Kwa njia fupi kama ya Dodoma, treni imebadilisha hesabu, na hakuna aibu kukiri hivyo. Abiria anayekwenda Dar es Salaam tu ataizoea reli. Ndege itabaki na yule anayeunganisha kwenda Mwanza, Kigoma au Dubai, na ratiba ingepaswa kupangwa kwa ajili yake, si kwa ajili ya mikutano ya asubuhi. Huko Msalato, kilomita zipatazo 12 kutoka mjini, unajengwa uwanja wenye njia ya kurukia ya mita 3,600, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha zake mwaka 2019. Njia hiyo inatosha ndege kubwa za masafa. Bila shaka wabunge wataomba safari za nje ziondokee hapo moja kwa moja, na ombi hilo litakuwa na makofi mengi. Bodi ya ATCL itahitaji kuwa na namba za abiria mkononi siku hiyo, pamoja na mkataba wa ukodishaji unaoiruhusu kusema kwamba safari hizo hazilipi.