Afya ya Mwajiriwa: Tangu Siku za Manamba Hata Leo

Katika vijiji vya Songea ni vigumu kupata ukoo usio na mtu aliyekwenda mbali kutafuta kazi ya mshahara. Waulize wazee, watakupa habari za babu au mjomba aliyekwenda Tanga kukata mkonge. Wengine walirudi na baiskeli na nguo mpya. Wengine walirudi wamechoka mwili. Wengine hawakurudi.

Siku hizi vijana wetu hawaendi mkonge kwa makundi kama zamani, lakini kazi wanaitafuta bado. Huyu yuko katika shamba la kahawa, yule yuko kwenye makaa ya mawe kule Ngaka, wilaya ya Mbinga, na binti yuko Dar es Salaam katika nyumba ya watu. Basi leo natuulizane jambo moja tu: mwajiriwa akiugua, au akiumia kazini, ni nani amtunzaye?

CHAMA CHA WENYE MASHAMBA

Katika mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika, waliokuwa wameungana katika chama chao, walianzisha ofisi ya kuwatafutia wafanyakazi. Ofisi hiyo ilijulikana kwa jina la Silabu. Kazi yake ilikuwa kuwaandikisha watu katika nchi zilizo mbali na mashamba, kama Songea, Njombe na Kigoma, kuwasafirisha, kuwalisha njiani, na kuwagawa katika mashamba yaliyowahitaji. Korogwe palikuwa na kambi yake ya kuwapokea.

Kwa nini walikuja Songea? Kwa sababu kodi ilidaiwa kwa fedha, na huku mazao ya kuuza yalikuwa machache na masoko yalikuwa mbali. Mtaalamu Mwingereza, Philip Gulliver, alichunguza safari hizo za Wangoni na Wandendeule, na kitabu chake kilitolewa mwaka 1955.

Mtu aliyeandikishwa alipewa namba, na ndiyo asili ya jina la manamba. Kabla ya safari alitazamwa mwili wake kama unaiweza kazi. Huko shambani alipewa kipande cha siku 30 za kazi, ambazo ilimpasa kuzimaliza katika muda wa siku 42. Mwenye mkataba alipewa nyumba, posho ya chakula na dawa. Mambo hayo yalikuwa na faida, wala tusiyakane.

Lakini tuangalie vema. Afya ya mtu yule ilipimwa kwa ajili ya nani? Mwenye shamba alitaka kujua kama mikono ile itakata mkonge. Mikono ikiisha kuharibika, na mwenyewe akiisha kurudi kijijini, mzigo ulikuwa wa mke wake na ndugu zake. Sheria ya fidia ilikuwako, ila kadiri miaka ilivyopita na bei za vitu kupanda, viwango vyake vilibaki palepale. Ikafika hali ya kwamba mtu aliyelemaa kazini hakuweza kupata zaidi ya shilingi 108,000, na wafiwa hawakuweza kupata zaidi ya shilingi 83,000. Fedha hiyo yamsaidia nini mjane mwenye watoto watano?

SHERIA YA SASA YASEMAJE?

Sasa mambo yamebadilika, na yafaa kila mzazi ayajue. Kuna mambo matatu, nawe usiyachanganye.

La kwanza ni ugonjwa wa kawaida, kama homa au tumbo. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 yampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila muda wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu yake. Sharti alete cheti cha daktari. Mama anayejifungua ana siku 84 za likizo yenye malipo, na akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, siku 100. Aliyefanya kazi kwa muda usiofika miezi sita asitegemee sana likizo hizi, maana kwa kawaida haki yake haijaanza.

La pili ni ajali ya kazini, au ugonjwa uliotokana na kazi yenyewe. Kwa ajili hiyo sheria ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao ukaanza kazi mwaka 2015. Mfuko huu ni wa waajiriwa wote wa Tanzania Bara, wa serikali na wa watu binafsi. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake: nusu shilingi kwa kila shilingi mia ya mshahara. Haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti moja kwa ajili hiyo. Mfuko hulipa matibabu. Humlipa aliyeshindwa kazi kwa muda sehemu 70 katika 100 za mshahara wake. Humlipa aliyelemaa, na mtu akifa, huwasaidia mjane na watoto.

La tatu ni bima ya afya, inayomhudumia mtu na jamaa yake kwa magonjwa yote, hata yasiyohusu kazi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kijana anayeajiriwa na aulize tangu mwanzo: "Je, mwanichangia bima?"

HASARA YATOKA WAPI?

Hapo labda utasema: "Kama sheria ni nzuri hivyo, mbona bado twawaona watu wanaletwa nyumbani wagonjwa, na baba anauza mahindi ya chakula kwa ajili ya matibabu?"

Tuseme kijana amechukuliwa na gari asubuhi kwenda kuchuma kahawa. Hakuandikiwa chochote. Jina la mwenye shamba halijui, anamjua msimamizi tu. Akaanguka kutoka katika gari, akavunjika mguu. Msimamizi akampa fedha kidogo, akamwambia, "Nenda nyumbani ukapumzike." Hospitalini akasema ameanguka tu, nao wakaandika hivyo hivyo. Miezi ikapita. Atadai kwa nani? Atathibitisha kwa karatasi gani? Manamba wa zamani alikuwa na namba na kipande. Huyu wa leo hana hata hivyo.

Basi wazazi, kabla mwana hajaondoka, mwulizeni maswali. Sheria yamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maandishi yenye jina lake, kazi yake, mshahara wake, saa za kazi, na mahali alipochukuliwa. Asipoyaelewa, mwajiri sharti amweleze mpaka aelewe. Hilo la mahali msilidharau. Kama imeandikwa kwamba amechukuliwa Songea na kazi ikaishia mbali, mwajiri ana wajibu wa kumrudisha Songea pamoja na mizigo yake, au kumlipia safari.

Akiisha kufika kazini, na atake vifaa vya kujikinga: viatu, glavu, kofia, au kitambaa cha pua, kwa kadiri ya kazi yenyewe. Gharama ni ya mwajiri.

Akiumia, amwarifu mwajiri siku ile ile, mbele ya mashahidi. Amwambie daktari waziwazi kwamba ameumia kazini, yapate kuandikwa. Tangu kupata habari, mwajiri ana siku 7 za kuutaarifu Mfuko. Madai yasipitishe miezi 12. Mwajiri akinyamaza, msinyamaze nanyi: nendeni kwa Afisa Kazi mjini Songea, mkichukua cheti cha hospitali na karatasi ya kazi.

Nawe uliye mwajiri, hata kama una mtumishi mmoja tu wa kukupikia na kukulelea watoto, maneno haya ni yako pia. Usingoje mpaka mtoto wa mwenzio aungue jikoni kwako ndipo uanze kutafuta kalamu.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mwili wa mwanao je, si zaidi ya mali? Jioni ya leo tafuteni daftari moja nyumbani. Andikeni jina la kila mtoto aliye kazini, jina la mwajiri wake, mahali alipo, na siku aliyoanza. Halafu liwekeni mahali ambapo hata mtoto mdogo atajua kulichukua siku likihitajiwa.