Kutoka Kijaluba cha Tambuu hadi Sigara ya Betri: Kemia ya Nikotini Mfukoni

Wakazi wa mwambao wa kaskazini wa Tanzania, tangu Mkinga na Tanga mjini hadi Pangani, wana desturi ya siku nyingi ya kutafuna tambuu. Vinavyohitajiwa ni vitu vichache: jani la mtambuu, popoo iliyokatwa vipande vidogo, chokaa, katu na, kwa watumiaji wengi, kipande cha tumbaku kavu. Vitu hivyo kwa jumla huitwa uraibu. Nyumbani huwekwa katika sinia na kuandaliwa wageni, hasa wakati wa harusi. Njiani huchukuliwa katika kijaluba, yaani kisanduku kidogo cha madini chenye kifuniko, kinachoenea katika kiganja cha mkono.

Neno uraibu lastahili kuzingatiwa. Siku hizi, katika hospitali na magazeti, neno hilo hutumiwa zaidi kwa maana ya hali ya mtu kutawaliwa na kilevi au dawa hata asiweze kuiacha. Jina la vitu vilivyomo katika sinia limekuwa jina la nguvu iliyomfanya mlaji airudie sinia hiyo kila siku. Nguvu hiyo, kwa sehemu kubwa, ni nikotini iliyomo katika tumbaku.

Katika miaka ya karibuni kijaluba kimepata mrithi. Huyo ni sigara ya kielektroniki, ambayo vijana huiita vepu: chombo chenye betri, chepesi, ambacho mara nyingi si kikubwa kuliko kalamu nene, na ambacho hugeuza kimiminiko kuwa ukungu wa kuvutwa. Mtu mzima anayetaka kununua chombo hicho kwa matumizi ya kila siku huuliza kama kinaingia mfukoni, kama betri yake hudumu, na kina ladha gani. Hayo ni maswali ya haki, lakini si ya kwanza. Swali la kwanza ni la kemia: nikotini iliyomo ndani iko katika hali gani, nayo huingia mwilini kwa njia gani na kwa kasi gani? Jibu lake laweza kuanzia kwenye chokaa ya kijaluba.

Kazi ya chokaa

Nikotini, ambayo fomula yake ni C10H14N2, ilitengwa kutoka katika tumbaku mwaka 1828 na Posselt na Reimann, wanasayansi wa Heidelberg, Ujerumani. Jina lake latokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa mjini Lisbon katika karne ya 16. Kikemia nikotini ni besi hafifu: molekuli yake yaweza kupokea protoni kutoka kwa asidi. Kwa hiyo hupatikana katika hali mbili. Ya kwanza ni nikotini huru, isiyo na chaji. Ya pili ni nikotini iliyopokea protoni, yenye chaji, ambayo huwamo katika chumvi zake.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwili. Ngozi laini ya ndani ya kinywa imejengwa kwa seli ambazo utando wake una mafuta. Nikotini huru hupenya utando huo kwa urahisi. Nikotini yenye chaji hupenya kwa shida. Ni kiasi gani kitakuwa huru hutegemea pH ya mahali ilipo. Katika pH 6 ni asilimia 1 hivi tu ya nikotini iliyo huru. Katika pH 7 hufikia asilimia 9, katika pH 8 ni nusu kwa nusu, na katika pH 9 ni asilimia 91.

Mate ya binadamu yana pH iliyo karibu na 7. Kipande cha tumbaku kikiwekwa peke yake shavuni hutoa nikotini yake polepole. Hapo ndipo chokaa inapofanya kazi. Chokaa ya mwambao ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, ambayo ni kalisi kabonati. Yakichomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hewa ya ukaa hutoka na kubaki kalisi oksaidi. Hiyo ikitiwa maji huwa kalisi hidroksaidi, ambayo ni besi kali. Kwa chokaa ya namna hiyo yalijengwa majumba na misikiti ya kale, kama yanavyoonyesha magofu ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga. Kidogo chake kikipakwa juu ya jani la tambuu, pH ya kinywa hupanda na nikotini iliyofungwa huwa huru. Wanusaji wa ugoro hufanya jambo lilelile wanapousaga pamoja na magadi, ambayo pia ni besi.

Yafaa ikumbukwe kwamba ustadi huo si sifa ya afya. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limethibitisha kuwa tambuu iliyotiwa tumbaku husababisha kansa ya kinywa, na kwamba popoo hata bila tumbaku ina hatari hiyo.

Moshi na mapafu

Sigara ilileta njia nyingine. Tumbaku nyingi inayolimwa Tabora ni ile iitwayo tumbaku ya mvuke, iliyokaushwa katika mabani kwa joto bila kuguswa na moshi. Ukaushaji huo huacha sukari nyingi katika jani, na sukari ikiungua hutoa asidi. Kwa sababu hiyo moshi wa sigara una asidi kidogo, na sehemu kubwa ya nikotini yake ina chaji. Kinywani haipenyi vizuri. Mvutaji hulazimika kuushusha moshi hadi mapafuni. Huko kuna eneo kubwa mno la kupokelea, na majimaji yake yana pH ya karibu 7.4. Nikotini huru inapochukuliwa na damu, nyingine hugeuka huru kujaza pengo lake, sawasawa na kanuni ya Le Chatelier ambayo wanafunzi huisoma darasani. Katika muda wa sekunde 10 hadi 20 hivi nikotini huwa imefika ubongoni. Kasi hiyo ni sababu mojawapo kubwa inayofanya sigara iwe ngumu kuachwa.

Lakini kinachoua zaidi katika sigara si nikotini. Ncha ya sigara inapovutwa hufikia joto la nyuzi 900 hivi. Katika kuungua huko hutokea maelfu ya kemikali, zikiwamo lami na kaboni monoksaidi, ambazo huharibu mapafu, moyo na mishipa ya damu.

Chombo cha betri kinavyofanya kazi

Fikra ya kupata nikotini bila kuunguza jani ndiyo iliyozaa sigara ya kielektroniki. Mmarekani Herbert Gilbert alipewa hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku mwaka 1965, lakini haikuingia sokoni. Chombo cha kisasa kilibuniwa mwaka 2003 na Hon Lik, mfamasia wa China.

Sehemu zake ni betri ya lithiamu, koili ya waya, utambi wa pamba na kikasha cha kimiminiko. Kimiminiko chenyewe ni mchanganyiko wa propilini glikoli, inayochemka kwa nyuzi 188, na gliserini, inayochemka kwa nyuzi 290, pamoja na nikotini na ladha. Kinachotoka si mvuke halisi bali ni matone madogo sana yanayoelea hewani.

Mwanafunzi wa fizikia aweza kukisia uwezo wake. Betri ya volti 3.7 ikiunganishwa na koili yenye ukinzani wa omu 1.2 hutoa nguvu ya wati 11.4. Mtu akivuta kwa sekunde 3, nishati iliyotumika ni jouli 34 hivi. Betri ndogo ya miliampea-saa 350 ina jouli 4,660 hivi. Kwa hesabu tu, hiyo yatosha kuvuta mara 136 hivi. Utambi ukikauka, joto la koili hupanda kupita kiasi, na propilini glikoli na gliserini huvunjika na kutoa sumu kama formaldihaidi. Ladha ya kuungua, kwa hiyo, ni onyo la kuacha kuvuta mara moja.

Kwa nini chombo kidogo kilihitaji asidi

Betri ndogo hutoa nguvu ndogo, na nguvu ndogo hutoa ukungu mchache. Ili ukungu huo mchache umridhishe mvutaji wa sigara, kimiminiko lazima kiwe na nikotini nyingi. Lakini nikotini huru ikizidi huwasha koo hata mtu asiweze kuvuta. Kwa miaka kadhaa tatizo hilo liliviwekea vyombo vidogo mpaka.

Mwaka 2015 chombo kiitwacho JUUL kiliingia sokoni Marekani kikiwa na suluhisho: asidi ya benzoiki ilitiwa katika kimiminiko, nayo ikaigeuza nikotini kuwa chumvi. Chumvi hiyo haiwashi sana koo, kwa hiyo kimiminiko chenye nikotini ya asilimia 5 kikaweza kuvutwa kwa wepesi. Mlaji wa tambuu hutia besi ili nikotini ipenye kinywani. Mtengenezaji wa vepu hutia asidi ili nikotini ipite kooni bila kusikika, ikapokelewe na mapafu. Wote wawili wanachezea pH ya besi moja.

Hii ndiyo maana udogo wa chombo si udogo wa dozi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa mililita moja ya kimiminiko, na kikasha kisichozidi mililita 2. Hata hivyo kikasha hicho kina miligramu 40. Sigara moja humwingizia mvutaji miligramu 1 hadi 2. Kwa hiyo nikotini iliyomo katika kikasha kidogo kama hicho hailingani na sigara moja, bali na pakiti nzima.

Mambo ya kupima kabla ya kununua

Kwa mtu mzima asiyevuta sigara, hesabu ni fupi: hana faida ya kupata, na ana uraibu wa kununua. Kwa mtu mzima anayevuta na aliyeshindwa kuacha, hali ni tofauti. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyofanywa na mtandao wa watafiti wa Cochrane yameonyesha kuwa sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia watu wengi zaidi kuacha sigara kuliko vibandiko au ubani wa nikotini. Faida hiyo, lakini, ni ya yule anayeacha sigara kabisa. Anayevuta vyote viwili hubaki na moshi uleule mapafuni. Wala haijaonyeshwa kuwa ukungu huo hauna madhara ukivutwa kwa miaka mingi.

Mnunuzi asome kwanza kiasi cha nikotini kwa mililita, na kama ni huru au ni chumvi. Kimiminiko kisicho na maandishi ya namna hiyo kisinunuliwe. Marekani mwaka 2019 ilipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa watumiaji wa vepu. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa, na waliokufa walikuwa 68. Uchunguzi ulionyesha kuwa chanzo kikubwa kilikuwa mafuta ya vitamini E asetati, yaliyotiwa hasa katika vimiminiko vya bangi vilivyouzwa kwa njia za panya.

La pili ni betri. Ikibonyea, ikilowa au ikichajiwa kwa chaja isiyofaa yaweza kuwaka moto. Ndiyo maana ndegeni chombo hiki hakiruhusiwi katika mizigo inayopakiwa chini. La tatu ni chupa ya kujazia: ile ya mililita 10 yenye miligramu 20 kwa mililita ina miligramu 200 za nikotini, sumu ya hatari kwa mtoto akiinywa. La nne ni taka. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vepu za kutumia mara moja na kutupa kuanzia Juni 2025, kwa kuwa kila moja ilitupwa pamoja na betri yake.

La tano ni sheria. Sheria ya Tanzania ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, inayokataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18, ilitungwa mwaka 2003, kabla vyombo hivi havijafika sokoni. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, imekataza kabisa kuviingiza na kuviuza. Msafiri asidhani kwamba kinachoruhusiwa upande mmoja wa mpaka chaingia upande wa pili.

Kilevi kisicho na mwisho

Linabaki jambo moja ambalo halipimwi kwa mizani. Uraibu wa zamani ulikuwa na dalili na kikomo. Tambuu huandaliwa kwa mkono, hutemwa ikiisha, na huacha midomo myekundu ambayo kila mtu huiona. Sigara huisha baada ya dakika chache, ikaacha majivu na harufu. Vepu ya chumvi haina majivu, harufu yake hupotea upesi kama ya peremende, na haina mahali pa kukoma mpaka betri au kikasha kiishe. Yaweza kuvutwa chooni wakati wa mapumziko, na mwalimu asijue. Ubongo wa kijana, ambao bado unakua, hutawaliwa na nikotini upesi kuliko wa mtu mzima.

Walimu wa kemia waweza kulionyesha somo hili bila kugusa tumbaku. Maua makavu ya choya yakilowekwa katika maji ya moto hutoa rangi nyekundu. Rangi hiyo ikitiwa tone la maji ya ndimu hubaki nyekundu. Ikitiwa maji ya chokaa, kwa uangalifu yasiruke machoni, hubadilika na kuelekea kijani. Darasa litakaloona badiliko hilo litakuwa limeona kanuni iliyofanya kazi katika kijaluba cha bibi, na inayofanya kazi leo katika chombo ambacho mwanafunzi wa jirani huenda amekificha katika mfuko wa shati.