Herufi Moja Yaweza Kumfunga Mtu

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Raia akiteleza ulimi, wenzake hucheka, mambo yakaisha. Lakini askari, mwenye silaha mkononi na daftari la maelezo mezani, akiteleza hata sikio tu, yuko mtu atakayelala mahabusu bila kosa.

Tuchukue mfano wa Kator, mjini Juba. Katika mitaa iliyo karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa na soko la Konyo Konyo, lugha ya kila siku ni Kiarabu cha Juba. Hata hivyo Kiswahili husikika pia, kwa wananchi waliorejea kutoka Kenya na Uganda baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005, na kwa madereva wa malori waingiao kwa barabara ya Nimule. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Aprili 2023 wanajeshi wake waliwasili Goma katika kikosi cha Jumuiya hiyo, kilichoondoka Congo Desemba ya mwaka huo huo. Huko nako lugha ya mtaani ni Kiswahili.

Kukutana kwa lugha hizi mbili si jambo la jana. Kiarabu cha Juba kilikulia katika kambi za askari za karne ya 19. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua askari waliosalia wa Emin Pasha, akawaingiza Uganda. Wazao wao ndio Wanubi wa Bombo na Kibera, ambao Kinubi chao ni ndugu wa Kiarabu cha Juba, na Kiswahili wanakijua vema.

Lakini ujirani huu una mitego yake. Kwa mtu wa Kator, "kalam" ni maneno au jambo. Kwa Mswahili, kalamu ni ya kuandikia. Dereva asemaye "nipe kalamu" hatafuti mazungumzo: ataka kutia sahihi.

Mtego mkubwa zaidi umo katika sauti. Kiarabu cha Juba kwa kawaida hakina sauti ya dh wala th. Kwa sababu hiyo adabu na adhabu huweza kusikika kama neno moja. Mzee asemapo "kijana huyu ahitaji adabu", aomba kijana aonywe. Askari aliyesikia adhabu atatafuta kiboko.

Tazama tena dhamana na thamani. Mtu aulizaye dhamana ataka kutoka mahabusu. Aulizaye thamani ataka kujua kima cha mali yake iliyozuiliwa. Askari akijibu swali asilolielewa kwa kutaja fedha, hapo hapo atadhaniwa kuwa aomba rushwa.

Wasemaji wengine wa Kiswahili nao huchanganya r na l. Askari aliyeuliza mahali pa tukio asishangae shahidi akianza kuhesabu ng'ombe: yeye amesikia mahari! Hilo ni la kuchekesha. La kutisha ni hili: "amemuoa dada yangu" na "amemuua dada yangu" vyatofautiana kwa irabu moja tu. Moja ni habari ya harusi, nyingine ni kesi ya mauaji.

Je, dawa ni nini? Kwanza, mwache msemaji amalize. Pili, usirudie neno lile lile lenye shaka, bali uliza kwa neno jingine. Badala ya "amemuua?", uliza "dada yako yu hai?" Jibu la swali hilo halina utata. Tatu, msomee mtu maelezo yake kwa sauti, tena polepole, kabla hajatia sahihi au dole gumba. Dakika tano za kusoma ni nafuu kuliko mwezi mzima wa kumfunga asiye na hatia.

Tumalizie kwa maneno mawili ambayo kila askari yafaa ayaweke moyoni. Dhalili ni mnyonge asiye na mtetezi. Dhalimu ni mwenye nguvu amwoneaye mnyonge huyo. Tofauti yake ni silabi moja ya mwisho. Askari amewekwa ili amlinde dhalili. Asije akaitwa dhalimu kwa sababu tu hakuuliza mara ya pili.