Chama cha Wafanyakazi ni cha Nani?

Tuanze na swali. Siku ya kuuza maharagwe ya kikundi, mngekubali broka anayenunua awachagulie mwenyekiti wa kupatana naye bei? Hata kidogo! Mwamba ngoma huvutia kwake.

Tunauliza hivi kwa sababu ya jambo tulilolisikia mikutanoni hapa Ruiri. Baadhi ya akina mama na vijana wetu hufanya kazi kwenye mashamba ya maua upande wa Timau. Wengine walituambia, "Sisi tuna chama tayari, meneja alituundia." Kumbe ni kamati ya watu watano aliowateua yeye mwenyewe. Mama mmoja alipoiuliza kuhusu malipo ya saa za ziada, jina lake lilipelekwa ofisini kama mkorofi.

Kamati kama hiyo inaweza kusaidia mambo ya chai na mazishi. Lakini chama cha wafanyakazi si hicho.

Sheria inasema nini?

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake. Nayo Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka chama kisiwe chini ya mwajiri, iwe waziwazi au kwa kificho.

Kujiunga. Mfanyakazi hutia sahihi fomu S. Mwajiri akishaipokea, ana siku 30 kuanza kukata ada ya chama kwenye mshahara. Ukitaka kutoka, unaandika barua.

Kutambuliwa. Mwajiri analazimika kukitambua chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga. Mameneja hawahesabiwi. Kama mko 200, mnahitaji 101. Akikataa, jambo huenda kwa msuluhishi, kisha mahakamani.

Mkataba. Chama na mwajiri wakipatana mishahara na masharti, mkataba husajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hapo unawalinda hata wale wasio wanachama. Kwa hiyo anayeketi mezani kwa niaba yenu ni jambo la wote.

Kufukuzwa. Kujiunga na chama si kosa la kumfukuzisha mtu kazi. Ukifukuzwa kwa sababu hiyo, usikae nyumbani ukilia. Peleka malalamiko kwa afisa wa kazi kabla ya miezi mitatu kwisha, na ubebe karatasi za mshahara. Mahakama inaweza kuamuru ulipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Tusisahau upande wa pili. Chama kinaweza kuwa huru na bado viongozi wake wakalala. Kwenye mashamba makubwa, chama kinachojulikana zaidi ni kile cha Wafanyakazi wa Mashamba na Kilimo (KPAWU). Hicho nacho, kama kikundi chenu, kinataka wanachama wanaohudhuria mikutano, wanaopiga kura na wanaouliza pesa zao zimefanya nini. Anayelipa ada akanyamaza amejinunulia mwakilishi asiyemjua.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Nani kati yetu, au watoto wetu, ameajiriwa? Anajua anayemwakilisha?
2. Huyo mwakilishi alichaguliwa na nani, na lini?
3. Karatasi ya mshahara inaonyesha ada ya chama? Kipi?