Nyati Mita 40, Swala Mita 150: Chuma au Darubini?

Anayenunua raifo ya .375, kiwango cha chini kwa nyati na tembo, hupiga hesabu ya bunduki na risasi, akasahau kitu atakacholengea. Wauzaji wanamjua. Ndiyo maana darubini ya kukuza mara 18 humpata hata mtu anayekwenda kwenye miombo, ambako nyati hupigwa akiwa mita 40 au 60, nusu mwili uko nyuma ya kichaka.

Tuanze na vyuma vya kulengea, maana vyenyewe umeshavilipia. CZ 550 za .375, kwa mfano, zilitoka kiwandani navyo: bati lenye pengo juu ya mtutu na ncha ya duara mdomoni. Havina betri wala kioo cha kuingia ukungu. Kasoro yao imo kwenye hesabu. Ncha yenye upana wa milimita 2.5, ikiwa sentimita 80 kutoka jichoni, hufunika kama sentimita 12 za mnyama aliye mita 40. Kwa bega la nyati hilo si neno. Ipeleke kwa swala tomi aliye mita 150: inafunika sentimita 47, yaani kifua chote hukioni. Tena, ncha na pengo vikiwa vimeachana sentimita 50, kosa la milimita moja tu katika kuvilinganisha huipeleka risasi sentimita 20 pembeni kwa mita 100.

Halafu kuna umri. Vyuma hulitaka jicho lishughulikie pengo, ncha na mnyama kwa pamoja, na aliyepita miaka 45 mara nyingi pengo ndilo linaloanza kumtoka. Kabla hujatoa pesa, shika bunduki tupu jioni, lenga shina la mti. Pengo likionekana kama moshi, libadilishe kwa tundu. Kifaa hicho ni kati ya dola 80 na 150, na jicho hupita humo bila kulikazia. Nashangaa wawindaji wachache mno hulifikiria hili.

Kilengeo cha nukta nyekundu ni njia ya kati. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden iliileta sokoni katika miaka ya 1970, na Micro H-2 yake, ya dola 600 hadi 800, hukaa saa 50,000 kwa betri moja kwa maelezo ya kampuni. Unafungua macho yote mawili, unaweka nukta begani, basi. Haikuzi kitu, kwa hiyo kwa swala wa mbali hujapata msaada mkubwa.

Darubini nayo, watu hudhani wanalipia umbali. Mimi nasema unalipia alfajiri na magharibi, pale ncha ya chuma inapomezwa na mwili mweusi wa nyati. Ya mara 1 hadi 4 kutoka kampuni inayoaminika huanzia dola 200 hadi 400. Swarovski Z8i ya mara 1 hadi 8 hupita 2,000. Lenzi kubwa ya mbele usiihangaikie: milimita 24 zikigawiwa kwa 4 hutoa mwali wa milimita 6, na mboni ya mtu wa makamo gizani kwa kawaida haipanuki zaidi ya hapo. Uliza jambo jingine: jicho linakaa mbali kiasi gani na kioo? Chini ya sentimita 9, teke la .375 litakupasua nyusi. Za bei ya chee huvunjika ndani kwa teke hilohilo.

Gharama inayofichwa ni vibano vya kushikia darubini. Vya kung'oka kwa mkono hufika dola 200, lakini ndivyo vinavyokuwezesha kuitoa darubini na kurudi kwenye vyuma iwapo itagonga mwamba.

Mwindaji bingwa, ambaye kazi yake ni kumkabili nyati aliyejeruhiwa vichakani, abaki na vyuma au nukta. Mkazi mwenye leseni na raifo moja ya kila kitu, aliye na dola 600, achukue darubini ya mara 1 hadi 4 ya dola 300 na vibano vya 200. Mia inayobaki isiende kwenye kioo bora zaidi. Inunue risasi za kurekebishia shabaha, kwa darubini kwanza, kisha kwa vyuma.